Kishingo uani: jinsi ya kujifunza baiolojia ya wanyama kwa kuku mmoja

Januari hapa Busia, upande wa Uganda, jua halina adabu. Mwaka huu lilichoma hadi mbwa wakaacha kubweka mchana, na kuku wangu mweusi, mwenye manyoya tele kama mtu aliyevaa koti la baridi, akataga yai ambalo gamba lake lilibonyea chini ya kidole. Kwenye kiota cha pili kishingo, yule mtetea wa shingo tupu ambaye wageni humcheka, alikuwa ametaga yai gumu kama siku zote. Hawa wawili wanakula sinia moja, wanakunywa kopo moja na kulala banda moja.

Binti ya kaka yangu alikuwa kibarazani anakariri. Yuko senia ya tatu, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wangesema kidato cha tatu. "Jenotaipu ni... fenotaipu ni..." Nikamwekea mayai yote mawili kiganjani nikamwuliza: kwa nini hili gumu na hili laini?

"Shangazi, hiyo haimo kwenye notsi."

Imo. Imo yote, ila imetawanywa: jeni sura ya huku, upumuaji sura ya kule, uzazi kurasa sitini mbele. Nilitunza maabara ya sekondari miaka 26, nikiosha glasi na kutafuta vyura vya mtihani, wanafunzi wakiniita Mama Maabara, na nimeshuhudia kijana akichora moyo wa mamalia kwa ustadi kisha jioni asiutambue moyo wa kuku ulio kwenye sahani yake. Kwa hiyo nilimfundisha binti yetu kwa njia nyingine, na ndiyo ninayoieleza hapa: shika jeni moja, uifuate kutoka kwa wazazi hadi kwenye gamba la yai.

Vifaa ni vichache. Daftari, simu yenye tochi, saa yenye mshale wa sekunde, siki, sukari, sarafu mbili za shilingi 500, na kuku. Ukikosa kishingo tafuta kidimu, yule ambaye manyoya yake yamejikunjia juu kana kwamba amepigwa na upepo. Urithi wao unafanana kwa namna yake.

Anza na shingo. Mshike kishingo jioni akishatulia, umtazame upande wa mbele wa shingo, juu kidogo ya gole, kile kifuko kinachojaa akila. Kuna vishingo vya aina mbili, na wachuuzi wengi wa kuku hawazitofautishi. Wa kwanza ana kishada cha manyoya hapo mbele, mithili ya tai ya karani. Wa pili hana kitu: ngozi nyekundu kutoka kichwani hadi mabegani. Mwenye kishada amerithi nakala moja ya jeni ya kishingo kutoka kwa mzazi mmoja. Asiye na kishada amerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Nakala ya kishingo tuiandike K, ya shingo ya kawaida k. Basi mwenye kishada ni Kk, mtupu kabisa ni KK, na kuku mweusi wa koti ni kk. Herufi hizo ndizo jenotaipu. Unachokiona kwa macho, kishada au ngozi, ndicho fenotaipu. Binti alikariri maneno hayo wiki nzima yasikae. Yalikaa alipopapasa shingo tatu kwa dakika tano.

Hapa K inatawala nusunusu: nakala moja hupunguza manyoya, mbili huyapunguza zaidi. Ndiyo maana tunaweza kuzihesabu nakala kwa kumtazama tu kuku. Mbaazi za Mendel, ambazo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1866, hazikuwa hivyo. Mmea wenye nakala moja ya urefu ulifanana na wenye nakala mbili, ikabidi apande kizazi kingine ndipo ajue. Kishingo hukupa jibu papo hapo, na kifaranga huonekana ni kishingo tangu siku anayoanguliwa.

Sasa wapandishe. Jogoo mwenye kishada kwa mtetea mwenye kishada. Hapa nilikosea, na kosa langu lilinifundisha kuliko mpango wenyewe. Nilimtenga mtetea kwa siku 8, nikamletea jogoo niliyemchagua, nikakusanya mayai. Vifaranga walipoota manyoya, mmoja akawa kidimu. Mama si kidimu, jogoo si kidimu. Jeni ya kidimu haina kawaida ya kujificha: mzazi akiwa nayo, kwa kawaida huonekana kwenye manyoya yake. Nikapitisha macho juu ya ua wa michongoma, na jogoo kidimu wa jirani alikuwa amesimama pale, hana habari.

Mtetea ana vijifuko vidogo ndani ya mrija wa mayai vinavyohifadhi mbegu za jogoo zikiwa hai. Jogoo mmoja akimpanda leo, anaweza kutaga mayai yenye mbegu zake wiki mbili mbele, pengine zaidi. Kwa hiyo mtenge wiki 3 kabla ya kumpa jogoo unayemtaka. Ukiona haraka inakusumbua, nenda kapande mbaazi.

Mara ya pili nilingoja. Mayai 12 yaliwekwa, moja halikuwa na mbegu, mawili yalifia ndani, vifaranga 9 walitoka. Mmoja shingo tupu kabisa, 6 wenye kishada, 2 manyoya kamili. Binti akakunja uso: kitabu kinasema robo, nusu, robo. Nikampa zile sarafu mbili. Upande wa korongo ni K, upande wa ngao ya taifa ni k. Sarafu moja ni baba, ya pili ni mama, kwa sababu kila mzazi hutoa nakala moja tu, na hachagui ipi. Rusha zote mbili mara 9 uandike. Alipata korongo wawili mara 4 kwa 9, akafikiri amekosea. Rusha tena 9, na tena. Alipofika mara 100 hesabu ilikuwa imesogea karibu na robo, nusu, robo. Usiruke zoezi hili ukadhani ni mchezo wa watoto. Mwanafunzi asiyerusha sarafu hudhani robo ni ahadi, kwamba kila vifaranga wanne lazima mmoja awe mtupu.

Jeni yenyewe ipo wapi? Kila seli ya kuku yenye kiini ina kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, 78, jozi 39, ukiacha mbegu na yai ambavyo hubeba nusu. Binadamu tuna 46, kwa hiyo wingi wa kromosomu si kipimo cha akili. Jeni ya kishingo iko kwenye kromosomu ya 3. Mwaka 2011 watafiti wa Roslin Institute huko Scotland walieleza inavyofanya kazi: badiliko kwenye DNA huifanya ngozi ya kiinitete itengeneze protini iitwayo BMP12 kupita kiasi, na protini hiyo huzuia vichipukizi vya manyoya. Shingo huathirika kwanza kwa sababu ngozi yake tangu mwanzo ni nyepesi kuitikia protini hiyo.

Kuna jozi moja ya kromosomu nataka uisimamie kidogo, ile ya jinsia. Jogoo ana Z mbili. Mtetea ana Z moja na W moja. Kwa hiyo kwa kuku ni mama anayeamua kifaranga atakuwa jike au dume, maana baba hana cha kutoa ila Z. Kwa watu ni kinyume: mama ana X mbili, baba ana X na Y, na baba ndiye mwenye kuamua. Nimewahi kuyasema haya kwenye kikao cha ukoo ambapo mke wa mtu alikuwa akisutwa kwa kuzaa mabinti wanne. Wazee walinyamaza, kisha mmoja akaomba chai.

Uatamiaji utapita mikononi mwako bila kazi kubwa ukiwa na mtetea mzuri. Umeme wetu unakatika, kwa hiyo mashine ya kutotolesha mimi sina. Weka mayai yasiyozidi siku 7 tangu yatagwe, ncha kali ikitazama chini, mahali pa baridi, kisha umpe mtetea jioni. Yatachukua siku 21. Usiku wa siku ya 7 chukua karatasi ngumu, toboa tundu dogo kuliko yai, weka tochi ya simu nyuma yake na yai mbele, taa zote zimezimwa. Ukiona kitu kama buibui mwekundu, doa jeusi katikati na mishipa ikitambaa pande zote, mle ndani mna damu inayozunguka. Moyo ulianza kupiga tangu siku ya pili au ya tatu, kabla hata ya mabawa kuonekana. Yai lililo wazi kama chai ya rangi halina kitu. Chora ulichokiona kabla hujafungua kitabu. Mchoro wa kwanza wa binti ulikuwa mbaya, na ndio anaoukumbuka.

Sasa turudi kwenye jua la Januari.

Chagua siku kali. Saa 2 asubuhi keti mbali kidogo na kuku, wasikuogope, uhesabu pumzi kwa sekunde 30 kisha uzidishe kwa 2. Tazama nyuma ya mwili, karibu na mkia, panapopanda na kushuka. Fanya hivyo kwa kila kuku mara tatu, uchukue wastani. Rudia saa 8 mchana. Daftari letu lilisema hivi: mweusi 28 asubuhi, kishingo 26. Mchana mweusi alikuwa amefungua mdomo, mabawa ameyaachia mbali na mwili, koo linatetemeka, na hesabu ikafika 150 na kitu kabla binti hajapotea. Kishingo alikuwa 60, mdomo umefumbwa, anachakura.

Mwili wa kuku hukaa karibu na nyuzi 41 za selsiasi. Kwetu sisi hiyo ni homa ya kukimbizwa hospitali. Kuku hana tezi za jasho, kwa hiyo joto likizidi ana njia mbili. Ya kwanza ni kulitoa kupitia ngozi: damu nyingi hupelekwa kwenye undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, na miguuni, kisha hewa hulichukua joto. Guso la mkono litakuonyesha, gusa undu mchana halafu gusa usiku. Kwa kishingo shingo nzima ni dirisha lililo wazi, na manyoya ya mwilini nayo ni machache. Kuku wa koti madirisha yake yamefungwa, hivyo anakimbilia njia ya pili mapema: kuhema, akikausha maji ya koo na mdomo ili yaondoke na joto. Kuhema kunafaa, lakini kuna gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyo kwenye gamba la yai. Ngoja kwanza tufungue mwili.

Siku ya kufungua ni siku ya kuchinja kwa ajili ya kula, ya Idi au ya mgeni. Sichinji kuku kwa sababu ya somo tu. Wala usipasue kuku aliyekufa mwenyewe. Hujui kama ni kideri au kitu kibaya zaidi, mchimbie shimo. Mchinjaji akimaliza na manyoya yakitoka, omba nusu saa kabla mpishi hajaanza kelele zake.

Fungua tumbo taratibu chini ya kidari, usikate mbavu bado. Tafuta bomba la pumzi shingoni, lile gumu lenye pete, si umio ulio laini kando yake. Ingiza mrija mwembamba, uushikanishe na pampu ndogo ya mpira, upulize kidogo. Utaona vifuko vyepesi kama mfuko wa plastiki vikituna tumboni, mbali kabisa na mapafu. Hivyo ni vifuko vya hewa. Mapafu ya kuku ni madogo, yamejibana kwenye mbavu za mgongoni, hayatuni wala hayanywei kama yetu. Vifuko ndivyo vinavyosukuma hewa, nayo hupita kwenye mapafu ikielekea upande mmoja, akivuta na akitoa. Kuku hana kiwambo cha misuli kama chetu cha chini ya mapafu. Anapumua kwa kupanua kifua na tumbo. Ndiyo sababu mtoto akimkumbatia kifaranga kwa mapenzi makubwa kifaranga hufa mkononi: mapafu ni mazima ila kifua hakina nafasi ya kupanuka. Baadaye mezani vunja mfupa wa juu wa bawa. Hauna uboho, ni mtupu, maana kifuko cha hewa huingia hadi humo.

Njia ya chakula ifuate kwa kidole. Mdomo usio na meno, umio, gole, kisha tumbo dogo la tezi linalotoa asidi na vimeng'enya, halafu firigisi. Ikate firigisi katikati: misuli minene, utando wa manjano mgumu, na kokoto ndani. Kuku husaga chakula tumboni kwa mawe aliyomeza uani. Kwa desturi ya Baganda firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mimi nimewahi kulalamikiwa kwa kumrudishia mtu iliyopasuliwa. Endelea na utumbo mwembamba, vile vifuko viwili vya utumbo vinavyofanana na vidole, hadi tundu la nyuma ambalo kinyesi, mkojo na yai vyote hutokea. Kibofu utakitafuta bure. Ule weupe juu ya kinyesi cha kuku ndio mkojo wake, asidi ya yuriki iliyo karibu kukauka. Kwa njia hiyo kuku hatumii maji mengi kukojoa.

Ukibahatika kupata mtetea anayetaga, utakuta upande wa kushoto vichala vya viini vya manjano, kikubwa, kinachofuata, kinachofuata, hadi vidogo kama mbegu za wimbi. Kulia hakuna kitu cha maana. Kwa kuku ovari inayofanya kazi ni ya kushoto. Kiini kikubwa huanguka kwenye faneli ya mrija wa mayai, ambako mbegu ya jogoo hukutana nacho ndani ya robo saa hivi. Kinavalishwa ute kwa takriban saa 3, utando wa gamba kwa saa moja na ushee, kisha kinakaa kwenye kiwanda cha gamba karibu saa 20. Jumla ni kama saa 25. Andika saa ya kutaga kila siku na utaona: Jumatatu saa 1 asubuhi, Jumanne saa 2 na kitu, siku zinavyokwenda inasogea hadi mchana, kisha anaruka siku moja na kuanza upya. Roleksi ya asubuhi pale stendi, ile chapati iliyokunjiwa mayai, yai lake lilianza safari asubuhi ya siku iliyotangulia, kama si kabla.

Gamba karibu lote ni kalsiamu kabonati. Kalsiamu hutoka kwenye chakula na kwenye mifupa yake mwenyewe. Kabonati hutoka kwenye hewa ya ukaa iliyoyeyuka katika damu. Nilimwachia binti hapo, nikaenda kuchuja chai.

Alikaa na daftari muda mrefu. Kisha akaja jikoni anasema polepole, kama anayevuka mto kwa mawe: "Mweusi anahema. Akihema sana anaitoa hewa ya ukaa nyingi. Damu inapungukiwa... gamba linakosa kabonati?" Ndiyo. Damu yake hupoteza asidi, na hata kalsiamu iliyo huru kwenye damu hupungua. Halafu kuku wa joto hula kidogo, kwa hiyo kalsiamu inapungua mlangoni pia. Kishingo hakuhitaji kuhema sana. Nakala moja ya jeni ilimfungulia shingo, shingo ikatoa joto, kabonati ikabaki kwenye damu, na yai likawa gumu.

Gamba lenyewe unaweza kulithibitisha kwa siki. Weka yai zima kwenye glasi, mimina siki lifunikwe. Viputo vitaanza mara moja. Hiyo ndiyo hewa ya ukaa inayorudi hewani. Badilisha siki kesho yake. Baada ya siku moja au mbili gamba limekwisha, umebaki na utando unaodunda ukiuangusha kutoka urefu wa kidole, si zaidi, mimi nimeosha meza mara mbili. Pima mzingo wake kwa uzi. Liweke kwenye maji safi usiku mmoja, upime tena: limevimba, maji yameingia kupitia utando. Lihamishie kwenye maji yenye sukari nyingi, zito kama asali: kesho limenywea kama zabibu kavu. Mlango wa osmosisi umeuona kwa yai moja. Usilile hilo yai.

Mweusi nilimhamishia banda chini ya mwembe, maji mapya saa 6 mchana, na makome ya ziwani kutoka Majanji niliyoyatwanga na kuyaweka kwenye kopo lake peke yake, ale anavyotaka. Magamba yalirudi baada ya wiki mbili hivi, mvua nazo zikaanza, kwa hiyo sitadai sifa yote. Sasa ameatamia. Chini yake kuna mayai 10 ya kishingo na jogoo mwenye kishada, na jana usiku, siku ya 7, binti alipiga tochi akahesabu buibui 8.